Kwa nini refa alifuta alama za mwanangu? Hila za futiboli ya Kimarekani na mpaka wake

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa Kitanzania, naishi Columbus, Ohio. Mwanangu ana miaka 16 na anacheza futiboli ya Kimarekani timu ya shule. Ijumaa iliyopita walijipanga kupiga lile teke la kupitisha mpira katikati ya nguzo. Mpigaji akauliza kwa sauti, “Kitako kiko wapi?” Mwanangu akajibu, “Ngoja nikakilete,” akaanza kukimbia kuelekea kwa kocha wao. Mara mpira ukatolewa, akarushiwa, hakuna aliyemfuata, akaingia nao. Tukaruka jukwaa zima. Hatujakaa vizuri, refa kafuta alama zote na kuwaadhibu yadi 15. Mtoto amenuna siku mbili. Anasema timu ya Philadelphia ilifanya ujanja mkubwa kuliko huo kwenye Super Bowl, ile fainali ya ligi ya kulipwa, kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi, kajifanya anaongea na wenzake, na wakajengewa sanamu. Tofauti iko wapi? Na kama ujanja unaruhusiwa, mbona timu haziufanyi kila siku?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana refa aliyerusha kitambaa cha njano siku ile angeweza kabisa kuwa mimi. Huu ni msimu wangu wa 11 nikichezesha mechi za shule za sekondari, na tukio la mwanao limo karibu lote kwenye kitabu cha mifano ambacho sisi waamuzi hukisoma upya kila mwaka kabla ya msimu kuanza. Refa wenu alikuwa sahihi. Mwanao naye hana cha kuonea aibu: alifanya alichofundishwa, na alikifanya vizuri. Kosa ni la aliyemfundisha.

Tuanzie kwenye mpira wa miguu tuliokulia. Winga anamwonyesha beki kushoto, anapita kulia. Beki kala chenga, uwanja unapiga makofi. Amedanganywa, ndiyo, lakini amedanganywa huku anacheza. Macho yake yalikuwa kazini na miguu yake pia. Sasa mfikirie mshambuliaji anayemjia beki kwa nyuma na kupaza sauti “Achia!” kana kwamba ni mwenzake, na beki akauachia mpira. Hiyo haiitwi chenga, na refa anayejua kazi yake anatoa kadi ya njano. Wa kwanza amemfanya mwenzake ausome mchezo vibaya. Wa pili amemtoa mwenzake mchezoni kwa uongo.

Futiboli ya Kimarekani imejengwa juu ya tofauti hiyo hiyo, ila huku hila zina nafasi kubwa zaidi kwa sababu mchezo unasimama kila baada ya sekunde chache na kuanza upya. Ule upenyo wa kati ya kusimama na kuanza ndio wenye vishawishi. Ukiweza kumfanya mpinzani aamini kuwa bado tumesimama wakati sisi tumeshaanza, utapata alama nyingi bila jasho. Kitabu cha mifano cha NFHS, shirikisho la kitaifa la michezo ya shule za sekondari, kinaeleza kisa cha kitako: mpigaji anauliza kiko wapi, mwenzake anasema anakifuata, mpira unatolewa, pasi, tachidauni, yaani mpira umeingizwa eneo la mwisho la mpinzani. Uamuzi ni utovu wa uanamichezo uliotendeka kabla mpira haujatolewa. Na maelezo yake ni ya busara. Yanakiri kwamba mchezo huu umekuwa wa hila tangu zamani na utabaki hivyo, pamoja na mipangilio yake ya ajabu na watu kuhamahama, halafu yanasema kisichoruhusiwa ni maneno au matendo ya kumfanya mpinzani adhani kuna tatizo na kwamba mpira hautolewi sasa hivi.

Kitako chenyewe, kwa wasomaji ambao hawajakiona, ni kibao kidogo cha kuwekea mpira juu yake kabla ya kuupiga, kimo chake hakizidi inchi 2. Wachezaji wa kulipwa na wa vyuo vikuu hawaruhusiwi kukitumia kwa teke la aina hii; shule za sekondari wanaruhusiwa. Ndiyo maana uongo wa kitako ni uongo wa shule za sekondari: huko tu ndiko swali “kiko wapi?” linaaminika.

Kuna jambo jingine ambalo kitabu hakilisemi kwa urefu lakini mimi naliona kila Ijumaa usiku. Mtoto aliyeamini kwamba mchezo umesimama hulegeza mwili. Anashika kiuno, anageuza shingo kumtazama kocha, anafungua mkanda wa helmeti apumue. Kisha kijana wa kilo 100 anamjia kwa kasi. Kanuni ile inalinda heshima ya mchezo, lakini inalinda na shingo za watoto.

Sasa Philadelphia. Ili uone kwa nini wao walikuwa upande wa halali, inabidi ujue mambo machache kuhusu jinsi timu inavyojipanga. Wachezaji ni 11. Wasiopungua 7 lazima wasimame kwenye mstari wa pale mpira ulipowekwa, wakati unapotolewa, na kati ya hao, wawili tu wa mwishoni, mmoja kila upande, wanaruhusiwa kupokea pasi. Waliobaki nyuma ya mstari nao wanaruhusiwa. Pasi ya mbele ni moja tu kwa kila jaribio, na lazima itoke nyuma ya mstari, lakini pasi za pembeni na za nyuma hazina kikomo, kama zile za raga wanazorushiana vijana wa Nairobi. Wote lazima watulie sekunde moja nzima kabla mpira haujatolewa. Baada ya hapo mmoja tu anaruhusiwa kutembea, tena asielekee mbele. Na kwotabeki wa NFL, ile ligi ya kulipwa, akisimama mikono yake ikiwa chini ya senta, yule wa katikati anayeutoa mpira, hahesabiwi kuwa mpokeaji. Akisimama yadi kadhaa nyuma, anakuwa kama mtu mwingine yeyote.

Shika hilo la mwisho. Tarehe 4 Februari 2018, Minneapolis, Eagles, timu ya Philadelphia, wanaongoza 15–12 dhidi ya New England Patriots, zimebaki sekunde 38 kabla ya mapumziko. Ni jaribio la nne, la mwisho kabla mpira haujaenda kwa wapinzani, wako yadi moja kutoka eneo la mwisho. Kocha mwoga anapiga teke, anachukua alama 3, anakwenda chumbani. Nick Foles, kwotabeki, anasogea kando ya uwanja na kumtajia kocha Doug Pederson jina la hila moja waliyokuwa wameifanyia mazoezi. Pederson anafikiri kidogo, anakubali.

Foles anasimama nyuma kama kawaida yake. Kisha anatembea mbele na kulia, mpaka nyuma ya mmoja wa majitu wa safu ya mbele, kama anayempa maelekezo. Jambo hilo hutokea mara nyingi katika kila mechi; kwotabeki akiona kitu hakimpendezi, husogea na kusema. Anasimama pale. Sekunde inapita. Hiyo sekunde ni muhimu mno, dada yangu, kwa sababu angekuwa bado anapiga hatua kwenda mbele wakati mpira unatolewa, ingekuwa kosa na habari ingeishia hapo. Senta anautoa mpira, lakini unakwenda moja kwa moja kwa mkimbiaji Corey Clement. Clement anakimbia kushoto, ulinzi wote unamfuata. Anaupisha kwa Trey Burton anayekuja kinyume chake, kuelekea kulia. Burton ni mpokeaji ambaye ujanani alicheza ukwotabeki. Na Foles? Amebaki pale kitambo kidogo, kama mtu ambaye kazi yake imekwisha, kisha anachomoka taratibu kuelekea kona ya kulia ya eneo la mwisho. Peke yake. Burton anarusha pasi laini, Foles anaidaka kwa mikono miwili. Pamoja na teke la nyongeza, 22–12. Mechi iliisha 41–33, Foles akawa mchezaji bora, na sanamu unayoisikia, ya Foles na Pederson wakizungumza, ipo nje ya uwanja wa Eagles.

Angalia ni nani alidanganywa na kwa njia gani. Kila mlinzi wa Patriots alikuwa amechuchumaa, ana wasiwasi, anasubiri mpira. Hakuna aliyeambiwa kwamba mchezo umesimama. Waliambiwa, kwa mwili wa Foles, kwamba kwotabeki hatahusika. Wakaamini. Hiyo ni chenga, na ni chenga ya watu wazima. Uchungu wake ni kwamba mapema katika mechi hiyo hiyo Patriots wenyewe walijaribu kumrushia pasi kwotabeki wao, Tom Brady, akiwa wazi, na ikamponyoka mikononi.

Mwanao akitaka kubisha, ana hoja moja, na ni haki aijue. Mpokeaji Alshon Jeffery, katika picha za tukio lile, anaonekana amesimama nyuma kidogo ya mstari. Kama alikuwa nyuma, basi waliokuwa mstarini walikuwa 6, si 7, na mpangilio haukuwa halali. Kitambaa hakikurushwa, na watu walilumbana sana. Mimi nimeitazama picha ile mara nyingi. Refa wa pembeni huwapa wapokeaji wa mbali nafasi kidogo kwa makusudi, hasa pale ambapo kusimama kwao hakuwapi faida yoyote, na Jeffery hakupata faida yoyote. Nisingerusha kitambaa. Lakini ikiwa mwanao anasema wangeweza kuadhibiwa, hakosei.

Wala hila ile haikuzaliwa Philadelphia. Tarehe 1 Januari 2017, kwenye uwanja huo huo wa Minneapolis, Chicago Bears waliifanya karibu vilevile: mpokeaji Cameron Meredith akamrushia kwotabeki wake Matt Barkley, tachidauni. Chicago walifungwa 38–10, kwa hiyo hakuna aliyeikumbuka isipokuwa makocha, ambao kazi yao ni kukumbuka.

Nikuonyeshe sasa hila ninayoipenda kuliko zote kwa sababu ilitangazwa hadharani kwa kipaza sauti na bado ikafanya kazi. Januari 2015, Patriots hao hao walikuwa nyuma ya Baltimore Ravens kwa alama 14, 28–14. Kwa kawaida timu huweka watu 5 wazito katikati ya mstari, wasioruhusiwa kupokea pasi. Jezi zao hubeba namba 50 hadi 79, ili kila mtu awajue. Kanuni inamruhusu mwenye namba nyingine kwenda kwa refa na kusema, “Jaribio hili mimi si mpokeaji.” Patriots wakaweka wazito 4 tu. Mkimbiaji Shane Vereen, namba 34, akajiandikisha kwa refa kuwa si mpokeaji, lakini akaenda kusimama mbali pembeni, mahali ambapo wapokeaji husimama. Na upande wa pili, pale ambapo huwa anasimama jitu la kulinda, akasimama Michael Hoomanawanui, mwishoni mwa mstari, mpokeaji halali kabisa.

Refa akatangaza kwamba namba 34 haruhusiwi kupokea. Masikio ya Ravens yalisikia. Lakini macho yao yaliona mtu mwepesi amesimama mbali, na mazoea ya miaka yakawaambia mfuate huyo. Mpira ukatolewa, Vereen akarudi nyuma akiinua mikono kana kwamba anataka pasi, na Hoomanawanui akapita katikati hana mtu. Walifanya hivyo mara kadhaa katika safari moja ya mashambulizi. Kocha John Harbaugh alikasirika mpaka akaingia uwanjani, timu yake ikaadhibiwa kwa hilo. Patriots walishinda 35–31.

Malalamiko ya Harbaugh yalikuwa na uzito: alisema walinzi wake hawakupewa muda wa kutosha kutambua nani ni nani. Ligi ilimsikia. Miezi miwili tu baadaye, Machi 2015, kanuni ikabadilishwa: mwenye namba ya mpokeaji akijiandikisha kuwa si mpokeaji, lazima asimame katikati, karibu na wale wazito, asiende kujitenga pembeni. Nakuomba mwanao alielewe hili vizuri. Patriots hawakuadhibiwa kwa kilichopita. Walisoma kanuni kwa makini kuliko wengine, wakaitumia, na ligi ikaifunga ile njia kwa ajili ya kesho.

Hivyo ndivyo historia nzima ya hila ilivyokwenda, mtu anavumbua na kanuni inamfuata nyuma. Mwaka 1903 shule ya Wahindi Wekundu ya Carlisle, Pennsylvania, ilicheza na Harvard. Kocha wao, Pop Warner, alikuwa amemshonesha mchezaji mmoja, Charles Dillon, utepe wa lastiki kwenye jezi. Baada ya mapumziko Harvard wakapiga mpira, vijana wa Carlisle wakauzunguka, wakauchomeka mgongoni mwa Dillon ndani ya jezi, kisha wakatawanyika. Dillon akakimbia uwanja mzima na nundu mgongoni, mikono yake mitupu, huku Harvard wakiwasaka wengine. Walishindwa 12–11 mwishowe, lakini tachidauni ile ilihesabiwa. Leo kuficha mpira ndani ya nguo ni marufuku. Chuo cha Nebraska nao, kwenye mechi ya Orange Bowl ya Januari 1984, kwotabeki aliuacha mpira chini makusudi, na Dean Steinkuhler, mmoja wa wale wazito ambao hawagusi mpira mwaka hadi mwaka, akauokota na kukimbia yadi 19 mpaka ndani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vyuo wakaipiga marufuku pia.

Na kwa upande wa shule za sekondari, Piedmont, California, mwaka 2007 makocha Kurt Bryan na Steve Humphries waligundua kwamba mpangilio wa teke ulisamehewa ile kanuni ya namba. Wakaucheza kila jaribio, wachezaji wote 11 wamevaa namba za wapokeaji. Mlinzi hakuweza kujua ni nani atapokea mpaka sekunde ya mwisho. Ulikuwa ubunifu mkubwa wa shule ndogo isiyo na watoto wazito, na nilisikitika kidogo kuuona ukienda. Mwaka 2009 NFHS ikauziba mlango huo.

Swali lako la pili ndilo gumu zaidi: mbona hawafanyi kila siku? Kwa sababu hila haiwezi kusimama peke yake. Inakula mazoea. Mpinzani lazima awe ameona kitu cha kweli mara nyingi kabla hujamwonyesha cha uongo. Chenga ya winga inafanya kazi kwa sababu jana na juzi alikwenda kweli kushoto.

Mfano mzuri ni Boise State, chuo cha Idaho ambacho wengi hawakukipa nafasi, dhidi ya Oklahoma, kule Arizona, 1 Januari 2007. Zimebaki sekunde 18, wako nyuma 35–28, jaribio la nne, wanahitaji yadi 18. Kila mtu uwanjani anajua watarusha. Kwotabeki Jared Zabransky anarusha kweli, kwa Drisan James, katikati. Walinzi wote wanamgeukia James, maana ndivyo mlinzi anavyofundishwa tangu utotoni: mwenye mpira ndiye wa kukabwa. James anakimbia kukata uwanja, na Jerard Rabb anakuja kinyume chake, karibu kabisa, anapokea mpira mkononi kwa pasi ya pembeni na kukimbia mpaka ndani. Yadi 50 kwa jumla. 35–35.

Katika muda wa nyongeza Oklahoma wanapata tachidauni kwa mkimbio mmoja. Boise wanajibu, jaribio la nne tena, Vinny Perretta, ambaye si kwotabeki, anapewa mpira na kurusha pasi ya tachidauni. 42–41. Teke la kawaida la baada ya tachidauni, la alama 1, lingeleta sare. Kocha Chris Petersen anaamua kujaribu alama 2 za ushindi. Wapokeaji watatu wanajipanga kulia. Zabransky anapokea mpira, anageukia kulia, mkono wa kulia unapanda juu na kurusha. Mkono mtupu. Mpira uko nyuma ya mgongo wake, mkono wa kushoto, na Ian Johnson anauchukua pale pale akielekea kushoto, hakuna mtu mbele yake. 43–42. Muda mfupi baadaye Johnson alipiga goti mbele ya kamera kumchumbia msichana wake, aliyekuwa kiongozi wa washangiliaji, na akakubaliwa.

Kwa nini mkono mtupu ule uliwadanganya? Kwa sababu usiku mzima Zabransky alikuwa akirusha kweli. Hila tatu katika dakika chache, na kila moja ilikuwa imelipiwa na saa tatu za mchezo wa kawaida.

Na hila isiyolipiwa hugeuka aibu. Oktoba 2015, Indianapolis Colts walikuwa nyuma 27–21 dhidi ya, ndiyo, Patriots tena. Jaribio la nne, yadi 3. Karibu timu yao yote ikakimbilia upande wa kulia, wakabaki wawili tu katikati: Griff Whalen, mpokeaji aliyekuwa akishika nafasi ya senta badala ya mwenzake aliyeumia, na Colt Anderson nyuma yake. Nia ilikuwa kuwachanganya Patriots, labda wakutwe na mtu wa 12 uwanjani, labda waache upenyo. Wasipochanganyikiwa, mpira usitolewe. Patriots hawakuchanganyikiwa. Walikuwa wamesimama mbele ya hao wawili wakiwatazama. Whalen akautoa mpira. Anderson akaangushwa pale pale. Na juu ya yote mpangilio wenyewe haukuwa halali, kwa sababu wale waliokwenda kulia hawakusimama kwenye mstari. Kocha wao alisema lawama ni zake. Namheshimu kwa hilo. Kijana aliyepewa kazi hakuwa ameifanyia mazoezi ya kutosha, na katika hila neno “usitoe” linahitaji mazoezi kuliko neno “toa”.

Nimalizie kwa jambo langu mwenyewe. Msimu wangu wa tatu nilikuwa nasimama nyuma ya kwotabeki. Timu moja ndogo ikacheza vizuri sana: kwotabeki akajifanya kumpa mpira mkimbiaji, mkimbiaji akajikunja juu ya mikono mitupu, watu wanne wakamwangukia. Nami nikapuliza filimbi. Kwotabeki, mtoto mwembamba, alikuwa tayari yadi 20 mbele, mpira umefichwa kwenye paja lake, mbele yake nyasi tupu. Filimbi ikilia, mchezo umekufa, hata kama refa amekosea. Kanuni iliwapa kuchagua: wachukue pale alipofika au warudie jaribio. Walichukua pale. Kijana alinirudishia mpira kwa mikono miwili, hakusema neno. Hila yake ilikuwa safi kiasi cha kumdanganya hata refa, na mimi nikamnyang’anya. Tangu siku ile sipulizi mpaka nimeuona mpira kwa macho yangu, si mtu, mpira.

Kwa hiyo mwambie mwanao hivi. Ile mbio yake anaweza kuitumia tena karibu ilivyo. Akitembea kimya sambamba na mstari, mpira ukatolewa, akageuka na kupokea, hakuna kitambaa. Akisema “nakifuata kitako”, au akikimbia kama mtu anayetoka uwanjani kubadilishwa, atarudishwa tena yadi 15, na itakuwa haki. Kocha akitaka kitu kizito zaidi, aangalie mpangilio ambao safu nzima inajipanga pembeni na kuwaacha senta, mshika mpira wa teke na mpigaji peke yao katikati. Ukipangwa ipasavyo, watu 7 mstarini, hausemi uongo wowote; unamuuliza mpinzani swali tu, na akichelewa kujibu, unapita.

Tena kocha amwambie refa mapema. Kabla ya kila mechi tunakwenda kwa makocha wa pande zote mbili na kuwauliza kama wana mpango wowote usio wa kawaida. Tunachoambiwa hatukipeleki upande wa pili. Kocha akinieleza, usiku huo najua ni mtoto gani nimtazame na mpira utakuwa wapi, na filimbi yangu inakaa mbali na mdomo mpaka kijana wake afike.